Utamu Uliobeba Mauti

Ndugu msomaji, katika mwili wa binadamu ulimi ni bawabu. Umewekwa mlangoni ili ukipokee kilicho chema na kukirudisha kilicho kibaya. Uchungu huutahadharisha, kwa kuwa mimea mingi yenye sumu ni michungu. Utamu huupendeza, kwa kuwa tunda lililoiva, asali na maziwa ya mama vyote vina utamu. Mtoto mchanga hahitaji mwalimu wa kumfundisha jambo hilo. Mdondoshee tone la maji ya mwarobaini, atakunja uso. Mdondoshee tone la maji ya sukari, atalamba midomo na kutaka jingine.

Lakini bawabu huyu ana ila moja kubwa: hupokea rushwa. Ziko sumu ambazo hazina uchungu hata chembe, tena ni tamu. Zikifika mlangoni hupokewa kwa heshima, na mwenye nyumba hajui kwamba amekaribisha adui mpaka figo zimeziba, damu imepungua, au mikono imelegea isiweze kushika hata kijiko.

Leo safu hii inazungumzia sumu za namna hiyo; sumu ambazo watu walizitia katika vyakula, vinywaji, pipi na dawa zao, si kwa nia ya kuuana, bali kwa kutaka kitu kitamu kwa bei nafuu. Usidhani kuwa ni hadithi za kale za watu wajinga. Waliozitumia walikuwemo mabwana wa shamba wenye elimu, wapishi wa matajiri, wafanyabiashara wa divai na hata mkemia wa kiwanda. Na mwisho wa hadithi yenyewe bado haujafika.

SIKI INAPOKUTANA NA RISASI

Kwanza tuitazame sumu iliyotamba kuliko zote. Neno risasi katika lugha yetu lina maana mbili: ile inayotoka katika mtutu wa bunduki, na yale madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu ambayo zamani ndiyo yaliyotengenezewa hiyo risasi ya bunduki. Hapa tunasema juu ya madini.

Risasi yenyewe ukiilamba haina ladha ya maana. Lakini ikikutana na siki, yaani ile asidi inayopatikana divai au tembo likichacha, hutokea chumvi nyeupe iliyo tamu. Wakemia wa zamani wa Ulaya waliipa jina la wazi kabisa: sukari ya risasi. Kwa macho inafanana na sukari, na kwa ulimi pia.

Zaidi ya utamu, chumvi hiyo ina hila ya pili. Risasi huwadhuru vijidudu vinavyochachusha divai na kuigeuza siki, kama inavyomdhuru binadamu. Kwa hiyo divai iliyotiwa risasi huwa tamu, na tena hukaa muda mrefu bila kuharibika. Muuza divai atake nini zaidi? Pipa lililokuwa limeanza kuchacha, ambalo angelimwaga, anatia humo unga wa risasi iliyochomwa, anakoroga, anasubiri, kisha anauza kwa bei ya divai ya daraja la kwanza.

Sasa mwilini risasi hufanya nini? Hujifanya kama ni chokaa ile njema inayojenga mifupa, yaani kalsiamu, na kwa ulaghai huo huingia katika mifupa na kukaa humo miaka mingi. Huzuia utengenezaji wa damu, mtu akapauka. Hukamata matumbo yakasokota kwa maumivu yasiyo na mfano, pamoja na kufunga choo siku nyingi. Hulegeza mishipa ya fahamu mpaka vifundo vya mikono vining'inie. Huharibu mimba. Na kwa watoto wadogo hufanya baya zaidi, maana hudumaza akili hata kwa kiasi ambacho hakimfanyi mtoto aonekane mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama.

JIKO LA WARUMI

Warumi wa kale hawakuwa na sukari ya miwa kama tuijuavyo. Asali walikuwa nayo, lakini haikuwatosha, nayo ilikuwa na bei. Basi walichukua maji ya zabibu yaliyokamuliwa punde, wakayachemsha yakapungua hata nusu au theluthi, ikapatikana shira nzito, tamu. Waliziita shira hizo kwa majina kama defrutum na sapa. Walizitia katika divai ili ikolee na isiharibike, katika mchuzi wa nyama, na katika matunda ya kuhifadhi. Kitabu cha mapishi ya Kirumi kinachojulikana kwa jina la Apicius kimejaa shira hizo kama mapishi yetu yalivyojaa kitunguu.

Hakuna ubaya wowote katika kuchemsha maji ya zabibu. Ubaya ulikuwa katika chungu. Columella, mwandishi wa mambo ya kilimo wa karne ya kwanza baada ya Kristo, aliwashauri wenye mashamba wachemshe shira hiyo katika vyombo vya risasi kuliko vya shaba. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya busara kwa wakati wake: shaba hutoa kutu ya kijani na kuharibu ladha. Ni kweli. Shaba huonya kwa ladha mbaya. Risasi haionyi, yenyewe huongeza utamu. Ulimi wa bwana Columella ulipewa vyombo viwili uchague, nao ukachagua chenye sumu.

Katika nyakati zetu watafiti wamefuata maagizo hayo ya kale, wakachemsha maji ya zabibu katika vyombo vya risasi, wakapima. Walipata shira yenye risasi kama gramu 1 katika kila lita. Kijiko kimoja cha chai cha shira hiyo kila siku kinatosha kumletea mtu maradhi ya kudumu.

Wako waliosema kwamba dola ya Roma ilianguka kwa sababu wakuu wake walilewa risasi. Mwaka 1983 mtaalamu Jerome Nriagu aliitetea hoja hiyo kwa nguvu, na mwaka uliofuata mwanahistoria John Scarborough akaipinga kwa nguvu vilevile. Dola kubwa haianguki kwa chungu kimoja, ndugu msomaji; kulikuwa na vita, madeni, maradhi na ugomvi wa kugombea madaraka. Lakini jambo moja halina ubishi: wapo Warumi walioijua hatari. Mhandisi Vitruvius, kabla ya Columella, aliandika kwamba maji ya mabomba ya udongo ni bora kwa afya kuliko ya mabomba ya risasi, na akatoa ushahidi wa mafundi wa risasi ambao nyuso zao zilikuwa zimepauka. Tazama: aliyeugua kwanza alikuwa mfanyakazi. Uso wake ulikuwa barua iliyo wazi, lakini wenye karamu hawakuisoma.

WATAWA WA ULM

Turuke karne nyingi tufike katika mji wa Ulm, Ujerumani ya kusini, mwishoni mwa karne ya 17. Miaka ile ilikuwa ya baridi kali. Zabibu hazikuiva vizuri, na divai ilikuwa chachu. Wakati wa Krismasi ya mwaka 1694 watawa katika nyumba mbili za kitawa walianza kuugua msokoto wa tumbo wa kutisha. Ulikuwa ugonjwa unaojulikana Ulaya. Mwaka 1616 tabibu Mfaransa François Citois alikuwa ameandika juu ya ugonjwa huohuo katika jimbo la Poitou. Lakini sababu yake ilikuwa haijulikani. Wengine walilaumu hewa, wengine uchachu wa divai, na wengine nyota za mbinguni.

Tabibu wa mji aliitwa Eberhard Gockel. Bwana huyu hakuwa na maabara ya kisasa. Alichokuwa nacho ni macho na subira. Aliwatazama watawa wote, wagonjwa na wazima, akauliza swali ambalo kila mpelelezi mzuri huliuliza: waliosalimika wana tofauti gani na walioumia? Jibu likajitokeza. Watawa wasiokunywa divai walikuwa wazima.

Kisha akakumbuka kitabu cha mwenzake, Samuel Stockhausen, kilichochapishwa mwaka 1656 juu ya maradhi ya wachimba madini wa Goslar. Wafanyakazi wale walivuta moshi na vumbi la risasi, na dalili zao zilikuwa zilezile: msokoto wa tumbo, choo kufunga, mikono kulegea. Mchimba madini na mtawa wakaugua ugonjwa mmoja! Mmoja huishi kwa sulubu shimoni, mwingine huishi kwa sala. Ni kitu gani kilichowakutanisha? Gockel aliwafuata wauza divai, akagundua kwamba divai chachu ilikuwa ikirekebishwa kwa unga wa risasi iliyochomwa. Akaijaribu dawa hiyo kwa mkono wake, naye akashuhudia divai mbaya ya mwaka mbaya ikigeuka kuwa tamu na ya kupendeza.

Habari zilimfikia mtawala wa jimbo jirani la Württemberg, Duke Eberhard Ludwig. Mwaka 1696 akatoa amri: atakayetia risasi katika divai, adhabu yake ni kifo. Mwaka uliofuata Gockel alichapisha kitabu chake.

Utadhani mambo yakaishia hapo. La hasha! Amri ya mtawala mmoja haikuvuka mipaka ya jimbo lake, na faida ya biashara ilivuka mipaka yote. Risasi iliendelea kuonekana katika divai za Ulaya kwa zaidi ya karne moja baadaye. Mtunzi mashuhuri wa muziki, Ludwig van Beethoven, aliyefariki mwaka 1827 akiwa na umri wa miaka 56, alikuwa mpenzi wa divai. Mwaka 2024 wachunguzi walitangaza kwamba walipima nywele zake zilizohifadhiwa, wakakuta risasi mara 64 katika kishungi kimoja na mara 95 katika kingine, ikilinganishwa na kiwango cha kawaida. Hawakusema kwamba risasi ndiyo iliyomwua. Walisema huenda ilichangia maradhi ya tumbo na ini, pengine na uziwi wake, na kwamba divai ni mojawapo ya njia ambazo huenda iliingilia.

UJIRA WA VIBARUA WA DEVON

Katika jimbo la Devon, Uingereza, kinywaji cha watu hakikuwa divai bali kileo cha matofaa. Vibarua wa mashamba walilipwa sehemu ya ujira wao kwa kinywaji hicho, desturi ambayo sheria iliikataza mwaka 1887. Fikiri, ndugu mfanyakazi: sehemu ya mshahara wako unaipokea katika kikombe, na kikombe kina sumu.

Watu wa Devon waliugua msokoto wa tumbo mwaka hata mwaka. Mwaka 1767 tabibu George Baker, mwenyewe mzaliwa wa Devon, aliwasomea matabibu wenzake wa London matokeo ya uchunguzi wake. Alikuwa amegundua kwamba mashinikizo ya Devon, yale ya kukamulia matofaa, yalitiwa risasi katika viungo vya mawe na mengine yalifunikwa kwa risasi. Katika jimbo la Hereford, ambako watu walikunywa kileo kilekile kutoka mashinikizo yasiyo na risasi, ugonjwa haukuwapo. Kisha akakipima kwa dawa yenye salfa. Kile cha Devon kikageuka cheusi, dalili ya risasi. Kile cha Hereford hakikugeuka.

Baker hakupokewa kwa vigelegele. Wenye mashamba na watu wakubwa wa jimbo walimshambulia, wakamwona msaliti wa nyumbani kwao anayeharibu soko la watu wake. Hivyo ndivyo ilivyo mara nyingi: anayesema kwamba chakula kina sumu hulaumiwa kuliko aliyeitia. Hata hivyo ukweli ulikuwa na miguu. Pole pole risasi iliondolewa katika mashinikizo, na ugonjwa ukapungua.

Benjamin Franklin wa Marekani, ambaye aliwasiliana na Baker, alikumbuka kuwa Massachusetts ilikuwa imepiga marufuku tangu mwaka 1723 kutengeneza pombe ya ramu kwa mitambo yenye vichwa na mabomba ya risasi, kwa kuwa wanywaji walikuwa wakiumwa tumbo na kulegea viungo. Mwaka 1786, akiwa mzee, aliandika barua kwa rafiki yake akisikitika jinsi ukweli wenye manufaa unavyoweza kujulikana muda mrefu kabla watu hawajaufuata.

PIPI ZA BRADFORD

Hata sukari ya miwa ilipoenea, haikuwa nyepesi kwa mfuko wa mtu wa chini. Waliotengeneza pipi za bei nafuu katika miji ya viwanda ya Uingereza walikuwa na desturi ya kupunguza sukari na kuongeza unga wa jasi au chokaa, usio na ladha. Mlaji alidanganywa, lakini aghalabu hakufa.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1858, katika mji wa Bradford, mtengeneza pipi mmoja alimtuma mtu akamnunulie unga huo kwa muuza dawa. Muuza dawa alikuwa mgonjwa. Msaidizi wake aliingia stoo, akakuta pipa la unga mweupe, akapima ratili 12 akampa. Unga ule haukuwa jasi. Ulikuwa aseniki, sumu ya panya. Ukachanganywa na ratili 40 za sukari na mafuta ya mnanaa. Pipi zilipokuwa tayari zilionekana tofauti kidogo, na mchuuzi wa sokoni, William Hardaker, aliyetambulikana kwa jina la utani la Humbug Billy, akapunguziwa bei kwa sababu hiyo. Jumamosi jioni, siku ambayo wafanyakazi wana senti mfukoni na watoto wanangoja nyumbani, aliziuza.

Watu wapatao 20 walifariki na zaidi ya 200 waliugua. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni kipindupindu, mpaka vifo vilipozidi na nyayo zote zikaelekea kwenye kibanda kimoja cha pipi. Watu watatu walishitakiwa, lakini hakuna aliyetiwa hatiani, kwa kuwa sheria haikuwa imevunjwa. Hapo ndipo watu walipotambua kwamba kosa kubwa lilikuwa katika sheria yenyewe. Mwaka 1860 Uingereza ilipitisha sheria ya kuzuia uchakachuaji wa vyakula, na mwaka 1868 sheria ya kusimamia wauza dawa na sumu.

Wahenga wetu walisema kwamba cha urahisi huvunja upishi. Huko Bradford kilivunja nyumba za watu.

UTAMU WA VIWANDANI

Karne ya 19 ilipokaribia kwisha, wakemia walianza kutengeneza utamu katika chupa. Mwaka 1879 iligunduliwa sakarini, ambayo hata leo inatumika kwa vipimo vilivyowekwa. Miaka michache baadaye, mwaka 1883, mkemia Joseph Berlinerblau aligundua dulsini, tamu kiasi cha mara 250 kuliko sukari, tena isiyoacha ule uchungu wa sakarini mdomoni. Watu waliifurahia kwa zaidi ya nusu karne. Kisha majaribio ya wanyama yakaonyesha kwamba inadhuru ini, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Marekani ikaiondoa katika vyakula.

Lakini kilichoua zaidi hakikuuzwa kama sukari. Ni majimaji mazito, yasiyo na rangi, matamu, yaitwayo daiethilini glaikoli. Hutumika viwandani, na pia katika maji ya breki na ya kuzuia rejeta zisigande katika nchi za baridi. Yanafanana mno na gliserini, ile ambayo kwa halali hutiwa katika dawa za maji za watoto ili ziwe laini na tamu. Tofauti ni mbili: gliserini safi ni ghali zaidi, na gliserini haiui.

Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani, S. E. Massengill, ilitaka kuuza dawa ya salfanilamaidi katika hali ya maji. Mkemia wake aliona kwamba dawa hiyo huyeyuka vizuri katika daiethilini glaikoli, akaongeza ladha ya matunda. Kiwanda kilikagua rangi, harufu na ladha. Vyote vilipendeza. Hakuna aliyekagua kama inaua, wala sheria ya wakati ule haikumlazimisha mtu kukagua. Zaidi ya watu 100 walifariki, wakiwemo watoto, kwa figo kuacha kufanya kazi. Na kosa ambalo serikali iliweza kulishika kisheria lilikuwa nini? Jina lililobandikwa kwenye chupa, kwa maana liliashiria kuwa dawa ina spiriti, na haikuwa nayo! Mwaka 1938 Marekani ikapitisha sheria mpya: dawa isiuzwe kabla haijathibitishwa kuwa ni salama.

Somo hilo lingetosha. Halikutosha. Mwaka 1985 iligunduliwa kwamba watengenezaji kadhaa wa divai wa Austria walikuwa wakitia daiethilini glaikoli katika divai nyepesi ili ionekane nzito na tamu; ni desturi ileile ya wauza divai wa Ulm, tofauti ni sumu tu. Mwaka 1990 makumi ya watoto walifariki Nigeria baada ya kunyweshwa dawa ya homa yenye kitu hicho. Mwaka 2008 na 2009, katika nchi hiyohiyo, zaidi ya watoto 80 walifariki kwa dawa ya kutuliza maumivu ya kuota meno. Mwaka 2022 watoto wapatao 70 walifariki Gambia. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dawa nne za maji za kikohozi na mafua, zilizotengenezwa India, zilikutwa na sumu hiyo na jamaa yake. Mwaka huohuo, huko Indonesia, vifo vya namna hiyo vilikaribia au kuzidi 200.

Mama mmoja baada ya mwingine alishika kijiko, akasema, "Kunywa mwanangu, ni tamu." Na kweli ilikuwa tamu.

YANATUHUSU NINI?

Ukivipanga visa hivi mstari mmoja utaona kwamba vinafanana kama mapacha. Kwanza, kuna kitu chema kilicho ghali: asali, divai nzuri, sukari, gliserini. Pili, kuna kitu kibaya kilicho rahisi kinachofanana nacho. Tatu, kuna mtu wa kati anayeiona faida na asiyemwona mlaji. Na nne, kuna sheria inayoamka baada ya mazishi. Tamaa mbele, mauti nyuma. Ila katika visa hivi tamaa ni ya mmoja na mauti ni ya mwingine.

Basi familia inayoishi mjini ifanye nini? Safu hii haipendi kumtia msomaji hofu na kumwacha njiani. Yako mambo ambayo yamo mikononi mwetu.

Dawa ya maji ya mtoto inunuliwe katika duka la dawa lililosajiliwa, si kwa mchuuzi wa stendi wala kwa jirani aliyebakiza chupa. Itazamwe kama ina jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Chupa isitupwe mpaka mtoto apone. Na jambo moja likariri kama sala: mtoto anayekunywa dawa kisha akapunguza mkojo au kuacha kabisa kukojoa, akawa anatapika na kulegea, asisubiri asubuhi. Apelekwe hospitali saa ileile, na chupa yake iende naye. Kwa Tanzania, mashaka juu ya dawa hupelekwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kwa Kenya, ni Bodi ya Famasia na Sumu.

Pili, tuvitazame vyombo vya jikoni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, uliopima sufuria na vyombo vilivyosubiwa kwa vyuma chakavu kutoka nchi kadhaa, zikiwemo Tanzania na Kenya, ulionyesha kwamba baadhi yake hutoa risasi chakula chenye asidi kinapochemshwa humo. Kumbe shauri la Columella halijafa! Hatusemi kwamba kila sufuria ya fundi wa mtaani ni sumu, na fundi yule naye anatafuta riziki yake kwa jasho. Tunasema hivi: ukwaju, ndimu, siki, achari na mchuzi wa nyanya visichemshwe muda mrefu wala kulazwa katika sufuria za namna hiyo. Vipikwe katika chombo cha chuma kisichoshika kutu, na vihifadhiwe katika chupa.

Tatu, wale wanaofanya kazi ya betri za magari, ya kuyeyusha vyuma au ya kukwangua rangi za zamani, wavue nguo za kazi kabla ya kuingia nyumbani, na waoge kabla ya kumpakata mtoto. Vumbi la risasi halina harufu, wala halimwoni haya mtu. Kule Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliishi na moshi wa kiwanda cha kuyeyusha betri mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Sumu ilikutwa katika damu za watoto ambao hawakuwahi kukanyaga ndani ya kiwanda. Wakazi hao walipigania haki yao mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, ingawa kesi yenyewe iliendelea kwa miaka mingine katika rufaa.

Nne, na hili ni letu sote: tusione haya kuuliza. Kitu hiki kimetengenezwa na nani? Kwa nini bei yake ni nusu ya chenzake? Rangi hii kali ya unga wa manjano imetoka wapi? Huko Bangladesh, wachunguzi walitangaza mwaka 2019 kwamba baadhi ya manjano yalipakwa rangi yenye risasi ili yang'ae; serikali ikawatoza faini wafanyabiashara na kuwaelimisha wengine, na baada ya muda mfupi manjano yenye risasi yakawa hayaonekani tena katika vipimo vya sokoni. Ina maana jambo hili linawezekana. Halihitaji karne nzima kama ilivyokuwa kwa divai ya Ulaya. Linahitaji mpimaji mwaminifu, mtawala asiyefumba macho, na mnunuzi asiyedanganyika kwa urahisi wa bei.

Ulimi tutaendelea kuwa nao, nao utaendelea kupenda vitamu. Si kosa lake, ndivyo ulivyoumbwa. Lakini bawabu anayekula rushwa haachiwi nyumba peke yake. Macho yasome lebo, kinywa kiulize, na sheria ilinde mlango pamoja naye. Gockel alipata jibu lake kwa kuwatazama watawa wasiokunywa. Vitruvius alilisoma katika uso wa fundi. Nasi tukiona mtu wa kazini au mtoto wa jirani anapauka bila sababu, tusiseme kuwa ni bahati yake mbaya. Tuulize anakula nini, anapikia nini, na anafanya kazi gani.

Nakutakia Jumapili njema, msomaji, na chai yenye sukari ya kweli, tena ya kiasi.